Milango Miwili ya Miami: Wakuba, Wahaiti na Ugumu wa Kulinganisha Wahamiaji

Mheshimiwa Mwenyekiti, walimu wetu, wanafunzi, na nyote mliofika kusikiliza,

Nimeombwa nizungumzie sababu zinazofanya jamii mbili za wahamiaji zifike katika nchi moja, tena katika mji mmoja, kisha baada ya kizazi kimoja ziwe zimeachana sana kwa mali, kwa elimu, kwa makazi na kwa uzito wa sauti zao katika siasa. Swali hili likijadiliwa kwa jumla huwa jepesi mno, kwa kuwa kila msikilizaji hulijaza sifa au lawama alizokuja nazo. Ndiyo maana nimechagua mfano mmoja, nami nitabaki nao hadi mwisho: Wakuba na Wahaiti wa Miami, katika jimbo la Florida nchini Marekani.

Mfano huu unafaa kwa sababu jamii hizi zinafanana katika mengi. Kuba na Haiti ni majirani wa Karibiani waliotenganishwa na mlango wa bahari wenye upana wa kilomita 80 hivi. Watu wa nchi zote mbili walikimbia tawala zisizovumilia upinzani: Wakuba walimkimbia Fidel Castro baada ya mapinduzi ya Januari 1959, nao Wahaiti waliwakimbia François Duvalier, aliyeingia madarakani mwaka 1957, na mwanawe Jean-Claude, aliyemrithi mwaka 1971 na kung'olewa mwaka 1986. Kutoka pande zote mbili watu walipanda vyombo vibovu wakielekea Florida, na wengine wakafia baharini. Tena katika mwaka 1980 walitua kwenye pwani hiyo moja katika miezi ile ile. Ni nadra kwa historia kumpa mtafiti ulinganisho ulio karibu kiasi hiki.

Tutazame basi walikofika. Kufikia mwisho wa karne ya 20, Wakuba walikuwa na benki, kampuni za ujenzi, magazeti na vituo vya redio mjini Miami. Xavier Suárez, mzaliwa wa Kuba, alichaguliwa kuwa meya wa mji huo mwaka 1985, na miaka minne baadaye Ileana Ros-Lehtinen akawa Mmarekani wa kwanza mwenye asili ya Kuba kuingia katika Bunge la Marekani. Wahaiti walikuwa wamejikusanya katika mtaa wa zamani wa Lemon City, unaojulikana sasa kama Little Haiti, uliokuwa miongoni mwa mitaa maskini kabisa ya Miami. Walitandika vitanda katika hoteli za ufukweni, walihudumia wazee katika nyumba za kulelea, waliosha vyombo jikoni, na wengine walichuma mboga na kukata miwa katika mashamba ya ndani ya jimbo. Mhaiti wa kwanza kuingia katika bunge la Florida, Phillip Brutus, alichaguliwa mwaka 2000.

Maelezo yanayotolewa haraka kuhusu pengo hili ni kwamba Wakuba ni watu wa biashara na bidii, ilhali Wahaiti walikuja na umaskini wao na kuubeba kila walikokwenda. Nimeyasikia kwa watu wasiosoma na kwa watu wenye shahada, na sitaficha kwamba yananiumiza. Yananiumiza kwa sababu ni ya uongo, na pia kwa sababu yanamtaka mama aliyefanya kazi zamu mbili kwa miaka thelathini aamini kwamba kilichompungukia ni bidii.

Jambo la kwanza la kuuliza ni nani hasa walioondoka. Kati ya Januari 1959 na Oktoba 1962, zaidi ya Wakuba 200,000 waliingia Marekani, na waliotangulia walikuwa wenye mashamba makubwa, wenye viwanda, mawakili, madaktari, wahandisi na mameneja wa kampuni za Kimarekani zilizotaifishwa. Wengi walikuwa wamewahi kusoma au kufanya biashara Marekani na walikijua Kiingereza. Mali walikuwa wamenyang'anywa, hilo ni kweli, na machungu yao yalikuwa ya kweli. Lakini elimu, ujuzi wa hesabu za biashara na mtandao wa marafiki wenye nafasi havitaifishwi.

Haiti nayo ilikuwa na watu wa aina hiyo, na nao walikimbia. Tofauti ni kwamba wasomi wa Haiti walioondoka mwishoni mwa miaka ya 1950 na katika miaka ya 1960 walikwenda New York, Montreal na Paris, na baadhi yao walikwenda hata Kongo, ambako baada ya uhuru wa 1960 walimu, madaktari na mafundi wa Kihaiti waliajiriwa kujaza nafasi zilizoachwa na Wabelgiji. (Sura hiyo ya historia haisimuliwi vya kutosha katika bara letu.) Waliokuja Miami kwa mashua tangu miaka ya 1970 walikuwa kwa sehemu kubwa wakulima wadogo na watu wa miji midogo, ambao familia nzima huenda iliuza kipande cha ardhi ili mmoja apate nafasi chomboni. Kwa hiyo anayesema kwamba analinganisha Kuba na Haiti, mara nyingi amemweka wakili wa Havana upande mmoja na mkulima wa kaskazini-magharibi mwa Haiti upande wa pili. Ametulinganishia matabaka mawili, kisha akayaita mataifa.

Hata hivyo, tabaka peke yake halitoshi kueleza pengo hili, na hapa ndipo ninapotaka tukae kwa muda.

Mkuba aliyefika Miami mwaka 1962 alikaribishwa na dola iliyokuwa katika Vita Baridi na iliyoona katika kila mkimbizi wa Castro ushahidi wa ubora wake. Rais Eisenhower alifungua kituo cha kuwapokea mwishoni mwa 1960, na mapema mwaka 1961 Rais Kennedy akaanzisha mpango kamili wa serikali kuu wa kuwahudumia. Jengo refu lililokuwa la gazeti moja la mjini likageuzwa kuwa kituo cha mapokezi; leo linaitwa Freedom Tower, na Wakuba wenyewe waliliita kwa Kihispania kimbilio. Humo walipewa fedha za kujikimu, chakula, matibabu na masomo ya Kiingereza. Madaktari waliandaliwa kozi katika Chuo Kikuu cha Miami ili wafanye mitihani ya leseni, walimu walifundishwa upya ili waingie madarasani, na vijana walikopeshwa ada za chuo. Mpango huo ulitumia karibu dola bilioni 1 kufikia katikati ya miaka ya 1970. Mwaka 1963 shule ya msingi ya Coral Way mjini Miami ilianza kufundisha kwa Kihispania na Kiingereza pamoja, hivyo mtoto wa mkimbizi hakulazimika kuiacha lugha ya mama yake mlangoni.

Kulikuwa pia na msaada usiotoka serikalini. Wakuba waliokuwa wakifanya kazi katika benki kwao walipata kazi katika benki ndogo za Miami, na huko walianza kuwakopesha wenzao wasio na dhamana yoyote, kwa kigezo kwamba walimfahamu mkopaji na sifa ya biashara yake kule Havana. Kwa mkopo kama huo mtu alifungua duka, kiwanda kidogo cha nguo au kampuni ya ujenzi, na kampuni hiyo ikaajiri Wakuba waliokuja baada yake. Biashara za Wakuba mjini humo, ambazo hazikufika 1,000 mwaka 1967, zilikaribia 8,000 mwaka 1976. Naomba mtambue jambo moja katika habari hii: kufikia mwaka 1973 hivi mikopo hiyo ilikuwa imesimama, kwa sababu Wakuba waliofika wakati huo walikuwa watu wa kawaida ambao hakuna benki iliyowafahamu. Kama siri ingekuwa katika damu au utamaduni wa Kikuba, wao pia wangekopeshwa.

Kisha ikaja sheria. Mnamo Novemba 1966 Rais Johnson alitia saini sheria iliyomruhusu Mkuba aliyeingia Marekani kuomba ukaazi wa kudumu baada ya kuishi humo miaka miwili, muda ambao baadaye ulipunguzwa kuwa mwaka mmoja. Hakutakiwa kuthibitisha kwamba aliteswa au kwamba angefungwa akirudi. Uraia wake wa Kuba ulitosha. Katika utafiti wangu wote wa uhamiaji sijaona waraka mfupi kama huu uliobadilisha maisha ya watu wengi kiasi hiki.

Na Mhaiti? Mashua ya kwanza ya Wahaiti walioomba hifadhi Florida ilifika mwaka 1963, wote wakakataliwa. Nyingine ilifika Desemba 1972, na tangu hapo hazikukoma. Duvalier alijitangaza kuwa adui wa ukomunisti, hivyo alikuwa mshirika wa Marekani, na kumtambua mtu kuwa mkimbizi wa Duvalier kungekuwa ni kukiri kwamba mshirika huyo anatesa watu wake. Ikasemwa basi kwamba Wahaiti wanafuata kazi tu. Mwaka 1978 idara ya uhamiaji ilianzisha mpango maalumu wa kuwashughulikia Wahaiti kwa haraka, ambapo kesi zilisikilizwa kwa wingi wa kutisha na wakili mmoja alipangiwa vikao kadhaa katika saa ile ile. Mnamo Julai 1980 Jaji James Lawrence King wa mahakama ya serikali kuu mjini Miami aliamua kwamba haki za Wahaiti hao zilikuwa zimevunjwa. Maombi zaidi ya 4,000 yalikuwa yamepitiwa, na hakuna hata moja lililokubaliwa. Katika hukumu yake jaji huyo hakukwepa kutaja kwamba waombaji wote walikuwa weusi.

Maisha bila hati yana hesabu yake, na hesabu hiyo haionekani katika majedwali. Mtu asiye na kibali cha kazi hulipwa kile mwajiri anachotaka kumlipa, na akidai zaidi hutishiwa kuripotiwa. Hawezi kupewa leseni ya uuguzi hata kama alikuwa muuguzi kwao, wala benki haimkopeshi, wala hawezi kumleta mkewe kwa njia halali, na mwanawe akifaulu sekondari hukuta ada ya chuo ya mgeni, iliyo mara kadhaa ya ada ya mkaazi. Akiba yake ya kwanza humwendea wakili. Wahaiti walijaribu kuziba pengo hilo kwa kile wanachokiita sòl, ambacho sisi tunakijua kama upatu: watu kumi au kumi na watano huchanga kila wiki, na kila mmoja hupokea kwa zamu yake. Upatu hununua gari la kwanza na hulipia mazishi, lakini haujengi benki. Halafu kuna muda. Mkuba wa 1962 aliyeanza kununua nyumba mwaka 1968 alikuwa na rasilimali ya kusomeshea watoto ilipofika 1985. Mhaiti aliyefika 1975 na kupata karatasi zake zaidi ya miaka kumi baadaye alianza kuhesabu mwaka ambao mwenzake alikuwa anamaliza deni la nyumba.

Mwaka 1980 ndio unaothibitisha haya kuliko mwaka mwingine wowote. Kati ya Aprili na Oktoba, Wakuba wapatao 125,000 walivuka kutoka bandari ya Mariel nchini Kuba, na katika kipindi hicho hicho Wahaiti wapatao 25,000 walifika Florida. Safari hii Wakuba hawakuwa matajiri. Wengi walikuwa vibarua na mafundi, weusi na machotara walikuwa wengi kuliko katika mawimbi ya kwanza, na magazeti yaliwaita wahalifu ingawa waliokuwa na makosa makubwa walikuwa sehemu ndogo sana. Baadhi ya Wakuba wa zamani waliwaonea haya. Serikali ya Rais Carter ilitoa hadhi moja ya muda kwa makundi yote mawili, kwa jina moja, kwa hati moja. Kwa mara ya kwanza Mkuba na Mhaiti walisimama mlango mmoja.

Usawa huo haukudumu. Mwaka 1984 serikali iliamua kwamba Wakuba wa Mariel wanaweza kutumia ile sheria ya 1966 kupata ukaazi wa kudumu. Wahaiti walioshika hati ile ile hawakuwa na sheria ya kutumia, wakasubiri hadi sheria ya uhamiaji ya 1986 ilipowapa nafasi. Na hata katika miaka ya kungoja, Mkuba wa Mariel aliweza kuingia katika karakana ya Mkuba mwenzake, akaeleweka kwa lugha yake, akafundishwa kazi. Mwanauchumi David Card aliuchunguza mwaka huo katika utafiti maarufu uliochapishwa 1990, akakuta kwamba nguvukazi ya Miami iliongezeka kwa takriban asilimia 7 bila mishahara ya wafanyakazi wa chini kuanguka, matokeo ambayo wenzake wanayabishania hadi leo. Mimi naona sehemu ya jibu iko katika biashara zile zilizokuwa tayari kuwapokea. Mhaiti aliyeshuka pwani hakuwa na karakana ya Mhaiti mwenzake ya kuingia. Mtaa aliopata kupanga ulipakana na mitaa ya Wamarekani weusi iliyokuwa imewaka moto Mei 1980, baada ya polisi walioshtakiwa kwa kifo cha Arthur McDuffie, Mmarekani mweusi aliyepigwa na polisi, kuachiwa huru, na jamii ya Marekani ikamhesabu huko huko, pamoja na waliokwisha kusahauliwa. Wengine hawakufika hata mtaani, kwa kuwa walizuiliwa Krome, kituo kilichokuwa kambi ya makombora pembezoni mwa kinamasi cha Everglades.

Mnamo Septemba 1981 mlango ulihamishiwa baharini. Kwa makubaliano kati ya Rais Reagan na Jean-Claude Duvalier, Walinzi wa Pwani wa Marekani walianza kuzikamata mashua za Wahaiti na kuwarudisha watu. Katika takriban miaka kumi iliyofuata zaidi ya watu 20,000 walikamatwa hivyo, na walioruhusiwa kuingia kuomba hifadhi hawakufika hata 30. Baada ya jeshi kumpindua Rais Jean-Bertrand Aristide mwaka 1991, maelfu waliwekwa Guantánamo, kambi ya jeshi la Marekani iliyoko Kuba, kisha ikaamriwa kwamba wanaokamatwa warudishwe bila kuhojiwa, na mwaka 1993 Mahakama Kuu ya Marekani iliidhinisha jambo hilo kwa kura 8 dhidi ya 1.

Kuna pigo jingine ambalo wachumi hulisahau kwa kuwa halina safu katika jedwali. Mwaka 1983 mamlaka za afya za Marekani ziliwaorodhesha Wahaiti, kama taifa, miongoni mwa makundi ya hatari ya UKIMWI. Waliondolewa katika orodha hiyo mwaka 1985, lakini mwaka 1990 wakazuiwa tena kutoa damu. Wafanyakazi wa ndani walifukuzwa, wapishi waliachishwa kazi, na watoto shuleni walianza kujiita Wabahama au Wajamaika ili wasijulikane. Mnamo Aprili 1990 makumi ya maelfu ya Wahaiti waliandamana kuvuka daraja la Brooklyn jijini New York, na kabla ya mwaka kuisha zuio hilo likaondolewa. Nikiulizwa kama Wahaiti wana uwezo wa kujipanga, huanza na daraja hilo, kisha humtaja Padri Gérard Jean-Juste na kituo cha wakimbizi wa Haiti alichokiongoza Miami, kilichoishtaki serikali ya Marekani na kushinda.

Sasa naomba niwape takwimu ambayo huwashangaza wengi. Ukichukua kaya zote za Marekani zinazoongozwa na wazaliwa wa Haiti, kipato chao cha kati (nusu ya kaya ziko juu yake na nusu chini yake) katika miaka ya karibuni kimekuwa juu kuliko cha kaya zinazoongozwa na wazaliwa wa Kuba. Je, mambo yamegeuka? Hapana. Umri wa kati wa wazaliwa wa Kuba ni zaidi ya miaka 50, wengi wamestaafu, na wengi wa waliobaki ni wageni waliofika juzi kutoka nchi iliyofilisika. Kaya za Wahaiti zina watu wazima wengi wanaofanya kazi kwa wakati mmoja, hasa katika huduma za afya. Kipato kinatueleza nani anaamka kwenda kazini leo. Hakituelezi nani anamiliki jengo, nani anarithi, nani anamwita meya kwa jina lake la kwanza, wala ni kiasi gani cha mshahara kinachotumwa nyumbani kulisha watu wa Haiti, nchi ambayo fedha zinazotumwa na jamaa walio nje ni kama sehemu moja ya tano ya pato lake. Ukichagua kipimo kimoja unaweza kuwatangaza Wahaiti washindi, na ukichagua kingine unaweza kuwadharau. Kwa hiyo mtu anapoleta takwimu moja ya kulinganisha jamii mbili, mwulizeni kwanza umri wa watu, mwaka waliofika na hati walizopewa.

Sisemi kwamba bidii ya Wakuba haikuwa kitu. Niliyoyaeleza kuhusu mikopo na karakana ni kazi ya mikono yao, na mtu aliyekuwa hakimu Havana akakubali kufagia hoteli Miami ili mwanawe asome anastahili heshima yangu yote. Wala simaanishi kwamba Wakuba wote walifanikiwa: Wakuba weusi wamebaki nyuma ya Wakuba weupe kwa kipato na makazi, katika mji uleule na chini ya sheria ileile, na hilo linatuonyesha kwamba rangi ilifanya kazi yake hata ndani ya jamii iliyopendelewa.

Mambo haya hayajawa historia. Mnamo Januari 2023 Marekani ilifungua mpango ulioruhusu raia wa Kuba, Haiti, Nikaragua na Venezuela kuingia kwa ndege wakiwa na mdhamini, na kukaa miaka miwili wakifanya kazi. Zaidi ya watu nusu milioni waliingia. Mkuba na Mhaiti walijaza fomu ile ile, wakakaguliwa kwa namna ile ile, wakashuka uwanja wa ndege mmoja. Baada ya mwaka mmoja, sheria ya 1966 ilimpa Mkuba haki ya kuomba ukaazi wa kudumu. Mhaiti hakuwa na haki kama hiyo; aliweza kuomba hifadhi, au kutegemea ulinzi wa muda uliotolewa kwa mara ya kwanza baada ya tetemeko la Januari 2010 na ambao tangu hapo umekuwa ukiongezwa na kutishiwa kufutwa. Mpango wenyewe ulisitishwa Machi 2025, na mwishoni mwa Mei Mahakama Kuu ikaruhusu vibali vifutwe. Katika nyumba moja ya kupanga kaskazini mwa Miami wanaweza kuwamo watu wawili walioingia wiki moja, mmoja akisubiri kadi yake ya ukaazi, mwingine akiwa ameambiwa na mwajiri wake asirudi kazini Jumatatu.